Nyumba Isiyofuka

Mji huo haukuwa na jina, kwa sababu jina ni kitu cha kumwambia mgeni, na mgeni hakuwahi kufika. Mbingu yake ilikuwa chini, kama kifuniko cha chungu, na chini ya kifuniko hicho nyumba za fito na udongo ziliegemeana, ukuta wa huyu ukiwa ndio ukuta wa yule. Kila paa lilikuwa na tundu. Kutoka kila tundu moshi ulipanda. Na kila kulipokucha, na kule kulikucha kila walipotaka kutazamana, wanawake walisimama vizingitini mwao, khanga kifuani, shingo zimepinda, wakisoma moshi wa wenzao.

Kwingine husemwa kwamba palipo na moshi hapakosi moto. Mji huu haukushughulika na moto. Moto uko ndani, nani auone? Kinachopikwa juu yake, nani akionje? Shahidi alikuwa moshi. Moshi mweupe, ulionyooka kama uzi uliovutwa na sindano, ulisema: hapa pana mama. Moshi wa kijivu, uliojilaza juu ya paa kama paka mgonjwa, ulisema: hapa pana mwanamke, mama bado. Moshi uliokatikakatika ulizungumzwa kwa sauti ya chini, na watoto walifukuzwa kwanza. Na moshi uliokosekana haukuwa na tafsiri ila moja: nyumba isiyofuka imefiwa. Hapo wanawake walibeba mikeka na kwenda kuketi matanga bila kuuliza kafa nani. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu. Tundu lilikwisha kusema.

Siwema aliishi humo. Tangu lini, hakujua. Pengine tangu alipozaa, pengine tangu asubuhi ile. Waume walikuwa wamekwenda mahali, na habari zao zilikuja kama harufu, hafifu na za jana. Alichokijua bila kubabaika ni kwamba alikuwa na binti, Chausiku, wa umri wa kutosha kuuliza na usiotosha kujibiwa; na kwamba upande wa pili wa ukuta aliishi Mashavu, mama yake Tunu, ambaye moshi wake haukuwa na mfano.

"Umeamkaje, Mama Chausiku?" Mashavu alikuwa akiita kutoka kizingitini kwake. Macho yake hayakuwa usoni mwa Siwema. Yalikuwa juu ya paa lake.

"Salama, Mama Tunu. Naona leo umepika mapema."

"Nimepika nini? Kauji tu ka mtoto."

"Kauji hako kana moshi wa pilau."

"Ni kuni tu, shoga yangu. Kuni nazo zina bahati zake."

Walicheka wote wawili, kicheko kisichofika machoni, kila mmoja akaingia ndani, na Siwema akaketi mbele ya mafiga yake na kuanza kujitafuna.

Yeye huamka kabla ya jua. Mimi jua hunikuta. Mtoto wake amesukwa. Wangu ana nywele za juzi. Sauti yake haijawahi kuvuka ukuta. Yangu imevuka, imetembea, imerudi na kunisimulia nilivyofoka. Yeye ni mama. Mimi ni nani? Mimi ni mtu aliyeachiwa mtoto amshike kidogo, na mwenyewe hajarudi.

Hivyo ndivyo alivyojisemea, na jibu alilolipata lilikuwa ni kutia kuni. Kuni zilipokwisha alitia makuti. Makuti yalipokwisha alijifunza, kama walivyojifunza wote bila kufundishana, kwamba jani bichi hufuka kuliko kuni kavu. Na kwamba ukitaka moshi hasa hupaswi kuuacha moto ukawaka vizuri, kwa kuwa moto ulioshiba haupigi kelele. Basi aliunyima moto wake. Aliukaba. Akautia mwiko, kwa sababu mwiko uliokolea mafuta hutoa moshi mweupe. Akautia mchi, kisha kinu, kisha mbuzi ya kukunia nazi, na siku hiyo moshi wake ulisimama wima mpaka ukagusa kile kifuniko cha mbingu, na wanawake mtaa mzima wakaguna. Chausiku aliuliza wangekula nini. Siwema hakumsikia. Alikuwa amesimama nje, shingo imepinda, akilinganisha.

Mtu akitaka kujua ukatili ulivyo asiutafute kwa wenye mikuki. Autafute kwa mwanamke anayempenda mwanawe kupita kiasi na anayetaka pendo hilo lionekane kutoka kizingiti cha jirani. Pendo linaloonekana lina njaa yake. Halishibi kwa kinachopikwa, hushiba kwa chombo cha kupikia. Siwema alichoma kigoda alichokalia akimnyonyesha mwanawe, ili ionekane kwamba alinyonyesha vizuri. Alichoma kitanda cha mtoto, ili ionekane kwamba mtoto analala pazuri. Kila alichokitia motoni kilikuwa kitu cha Chausiku, na kila kilichopanda juu kilikuwa ni sifa ya mama yake Chausiku; na kati ya kitu na sifa, chini ya paa lililokwisha kuwa jeusi kama tumbo la sufuria, alikuwapo Chausiku mwenyewe, akipumua.

Au akijaribu. Kifua chake kilikuwa kimeanza kutoa sauti ya ungo unaopepeta kokoto. Kwanza alikohoa alipocheka, kwa hiyo akaacha kucheka. Kisha alikohoa alipolala, kwa hiyo akaketi ukutani usiku kucha, magoti kidevuni, kama mzee anayesubiri kuitwa. Siku moja Siwema alimfuta mdomo kwa upindo wa khanga, na upindo ukarudi na masizi. Si jasho wala mate: masizi, meusi, laini, kama yale yanayokwanguliwa chini ya chungu. Alikunja upindo ule haraka, akatazama mlangoni kama kuna aliyeona.

"Mama," Chausiku alisema, "ndani mwangu kunapikwa nini?"

 Siwema aliutazama moto, na moto ulikuwa unalala, na asubuhi ilikuwa karibu.

Ndani ya nyumba hakukuwa na kitu tena cha kuchoma. Mlango ulikwisha kwenda. Kilichobaki ni nyumba yenyewe. Basi aliingiza vidole kwenye ukuta, kule kwa Mashavu, ambako udongo ulikuwa umelegea, akabandua bonge moja, akabandua jingine, akaufikia ufito mmoja mnene, mkavu, ambao ungefuka mpaka wenye vizingiti wakose la kusema. Akauvuta. Haukuja. Akavuta tena kwa mwili mzima, na ufito, badala ya kuja, ukamvuta yeye.

Kulikuwa na mtu upande wa pili.

Udongo ukaporomoka, na katika tundu lililofunguka Siwema akaona mikono minne juu ya ufito mmoja. Yote ilikuwa na masizi. Yote ilikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba. Alitaka kukunja kidole chake, na kwa muda mrefu, mrefu kama ujana, hakujua ni kipi kingekunjika. Kisha vumbi likatua na nyuma ya mikono akauona uso wa Mashavu.

"Uachie," Mashavu alisema.

"Uachie wewe. Ni ukuta wangu."

"Ni wangu pia."

"Mama Tunu, unabomoa nyumba yangu."

"Na wewe unafanya nini hapo, unapaka chokaa?"

 Siwema alikuwa anaona nyuma ya Mashavu, katika chumba alichokijenga akilini mwake kila asubuhi, akakitandika vitanda, akakipanga vyombo vinavyong'aa, akakijaza harufu ya iliki na watoto wasiolia. Humo mlikuwa na mafiga. Mlikuwa na chungu kimoja, kimepinduliwa kuwa kiti. Na juu ya chungu hicho aliketi Tunu, magoti kidevuni, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi kama anapanda kilima akiwa amekaa.

"Pilau liko wapi?" Siwema aliuliza. Hakukusudia kejeli. Alitaka kujua kweli.

"Pilau gani? Nilikuwa nautazama moshi wako."

"Wangu?"

"Kila siku. Wako hauyumbi. Nikasema, mwenzangu kaweza, mimi nina nini. Nikatia kitanda." Mashavu alikaza vidole juu ya ufito. "Sasa umeona. Usiende ukasimulie."

"Nimsimulie nani, nami nimechoma mlango?" Siwema alishusha sauti, kwa ajili ya watoto. "Tuzime, Mama Tunu. Mimi na wewe, sasa hivi. Wakija matanga watukute wawili."

"Zima wewe."

"Na wewe?"

"Nikizima nitakuwa nimekufa."

"Na usipozima?"

Mashavu aligeuza kichwa kidogo, kuelekea kwenye chungu, kisha akakirudisha kabla hakijafika. "Usiniulize hivyo, mwenzangu. Nakuomba. Uachie ufito."

Wapo wanaosimulia kuachia kana kwamba ni kuruka, kana kwamba mtu huota mbawa. Siwema hakuota kitu. Vidole vyake vilifunguka kwa shida, kama vya maiti inayooshwa, na alichokisikia si wepesi. Alisikia alivyo mtu aliyebeba mzigo kichwani maisha yake yote, akautua, na bado shingo inatembea ikiwa imekaza, kwa sababu shingo haijui njia nyingine ya kutembea. Na hasira pia aliisikia. Kumbe hakuna aliyekuwa amemshinda. Mji mzima ulikuwa unakimbia katika duara kumfukuza mtu aliye mbele, na mtu wa mbele alikuwa ni mgongo wa aliye nyuma. Ingekuwa afadhali angeshindwa na mtu.

Mashavu alianguka kwa matako, ufito mkononi. Aliinuka, akajipangusa, akautia motoni. Hakutazama nyuma.

Siwema alichukua mtungi, maji yaliyobaki, akayamwaga juu ya mafiga. Majivu yalifoka, yakatema mvuke, yakanyamaza. Juu ya kichwa chake lile tundu lilifunguka. Palikuwa na kipande cha mbingu humo, si kizuri, cha rangi ya maji ya kuoshea mchele. Chausiku akainua uso wake kukitazama na akasahau kukohoa.

Walikuja kabla majivu hayajapoa.

Aliwatangulia Bi Kidawa, mkuu wa matanga yote ya mji ule, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuagiza, aliyekuwa amezika wengi kiasi cha kuwachukulia walio hai kama kazi ambayo haijamfikia. Nyuma yake wanawake na mikeka. Walitandika, wakaketi, wakavua mitandio, wakaanza kulia kwa utaratibu, kutoka mlangoni kuelekea ndani.

"Bi Kidawa, shikamoo," Siwema alisema. "Mimi hapa. Sijafa."

"Wafiwa husikia sauti," Bi Kidawa aliwaambia wanawake. "Ni kawaida. Endeleeni."

"Mbona marehemu anatutazama?" aliuliza mwanamke mmoja kijana, akijivuta nyuma ya mwenzake.

"Mwache atazame. Kufa hakumkatazi mtu kutazama."

"Na mtoto wake je?"

"Mtoto ni wa marehemu. Unataka kumgawa?"

Wakamsifu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Siwema hakuwa amejiandaa nayo. Mmoja mmoja walisema moshi wa nyumba ile ulivyokuwa. Marehemu alikuwa mama wa kweli. Marehemu hakujua uvivu. Mmoja alisema kwamba alikuwa akimwonyesha binti yake kila asubuhi, tazama, yule ndiye mwanamke. Mwingine, aliyekuwa na kitoto mgongoni kilichonyamaza mno, alisema bila kulia, kama mtu anayetoa mwiba: "Mimi kwa ajili ya nyumba hii nilimchapa mwanangu. Aliniomba nipumzike kupuliza moto, akaniambia, mama, njoo tulale. Nikatazama huku, nikaona moshi unavyopanda. Nikampiga."

Maneno hayo Siwema aliyatamani maisha yake yote. Alikuwa ameyanunua kwa mwiko, kwa kinu, kwa kitanda, kwa mapafu ya mwanawe. Sasa yaliwekwa mbele yake, sinia zima, na alipoyaonja yalikuwa na ladha ya nyama ya mtu. Hizi ndizo sifa, alijiambia. Tazama zilivyo na meno. Nimekuwa fimbo nyumbani kwa watu nisiowajua majina. Kuna mtoto aliyepigwa nami, na mimi nimekaa kwangu nalia kwamba sitoshi.

Ndipo Bi Kidawa akatoa kijinga. Ilikuwa desturi: kabla mikeka haijakunjwa, kijinga cha moto kutoka nyumba ya jirani huwekwa kizingitini mwa nyumba ya msiba. Aliyekufa akikiokota na kuwasha, msiba umefutika, na hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na matanga. Asipokiokota, jina lake hutolewa mdomoni. Hataitwa, hatasalimiwa, hataombwa wala kuombewa, na kivuli chake kikipita njiani watu watakipisha kama wanavyopisha moshi wa takataka.

Kijinga kilikuwa cha ule ufito. Siwema aliutambua. Uliwaka kwenye ncha, mwekundu, mzuri.

"Marehemu," Bi Kidawa alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya kuagiza ilipungua kidogo, "wewe ni kijana bado. Mji huu si mkubwa. Mtu aliyekufa humu hana pa kwenda. Okota, mwanangu. Puliza mara moja tu."

Siwema aliinama. Wanawake waliacha kulia ili wasikie. Aliinama mpaka joto la kijinga likamgusa usoni, na kila kitu ndani yake kiliomba: mikono, shingo, yale macho yaliyozoea kupanda juu ya mapaa ya watu. Akafikiri juu ya kesho bila mtu wa kumwambia umeamkaje. Akafikiri juu ya Chausiku akikua katika mji usiomjibu. Alijua kwamba anaweza kuwa anamwokoa mwanawe, na anaweza kuwa anamzika pamoja naye. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, na hapakuwa na nyumba ya kutazama ili aone wenzake hufanyaje. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Kwa mara ya kwanza alikuwa analazimika kuwa mama bila kunakili.

Moshi mwembamba wa kile kijinga uliingia chumbani, na nyuma yake Chausiku akakohoa.

"Kitoeni," Siwema alisema. "Kinamsumbua mtoto."

Mikeka ilikunjwa. Walitoka wakipishana bila kumgusa, na yule mwenye kitoto mgongoni alisimama kizingitini kitambo, akafungua mdomo, akamezwa na wenzake. Bi Kidawa alitoka mwisho, na kijinga chake, bila kuaga. Wafu hawaagwi.

Siku zilizofuata hazikuwa siku, kwani hapakuwa na wa kuzipambazua. Palikuwa na mwanga, pakawa na giza, basi. Siwema alikwenda mashambani peke yake na njia ilimpisha. Alimkuta mwanamke mmoja kisimani, akasema hujambo, na mwanamke akatazama mahali hujambo ilipoangukia, kama anayeangalia iwapo kumenyesha. Alirudi na muhogo, akaumenya, wakaula mbichi, wameketi sakafuni katika mraba wa mwanga ulioshuka kutoka kwenye tundu.

"Mama, sisi tumekufa?"

"Wanasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema kula muhogo wako."

Chausiku alitafuna. "Tukipika itakuwa vibaya?"

"Tutapika. Tukiwa na njaa ya kupika. Nje, kwenye upepo, kuni kavu."

"Nikune nazi?"

"Mbuzi niliichoma," Siwema alisema. Aliyasema maneno hayo akimtazama mtoto machoni, hakuyapamba. "Na kinu. Na kitanda chako. Nilivichoma mimi."

Chausiku alilitafakari jambo hilo kwa muda, kama mtu mzima anavyotafakari bei. Kisha alijilaza chali sakafuni, kichwa kwenye paja la mama yake, na kifua chake kikawa bado na kokoto, lakini chache, na zilizotawanyika. Siwema hakujua kama zingeisha. Hakuna aliyekuwa ameahidi.

Kupitia kwenye tundu la ukuta, ambalo Mashavu alikuwa ameliziba kwa mkeka ili asitazamwe na maiti, kulikuja harufu ya kitu kinachoungua kisichopaswa kuungua. Nje, vizingitini, sauti za kuguna zilipita kutoka nyumba hadi nyumba. Moshi wa mtu fulani ulikuwa umefanya makubwa.

"Mama, nikatazame?"

"Wa nini?"

"Nikwambie kama ni wa kwa Mama Tunu. Nikwambie umefika wapi."

Shingo ya Siwema ilianza kupinda yenyewe. Aliisikia ikipinda, akaiacha ifike nusu, akairudisha kwa mkono, kama mtu anavyorudisha kichwa cha mtoto aliyesinzia.

"Nyamaza kidogo," alisema. "Sikiliza."

Upande wa pili wa mkeka mtu mdogo alikuwa anakohoa. Alikohoa, akapumzika, akapanda tena kile kilima chake.

Siwema alikata kipande cha muhogo, akakiosha kwa maji ya mtungi, akainua pembe ya mkeka na kupitisha mkono wake. Hakuchungulia. Aliuacha mkono ukae kule, upande wa walio hai, mpaka ukaanza kumuuma begani. Alisikia Mashavu akipuliza moto, akiacha, akipuliza tena. Alisikia akiacha.

Kisha vidole vidogo, vikavu, vyenye masizi, vikakichukua kipande kile kutoka kiganjani mwake. Hapakuwa na asante, kwa kuwa mtu hasemi na wafu.

Siwema aliurudisha mkono wake, akachukua kisu, akamenya mwingine.